Weusi Ulioshika: Bango la Filamu ya Kutisha Kutoka Duka Moja la Uchapaji Mwanjelwa

Bango lina ukubwa wa A1, yaani milimita 594 kwa 841, na jicho linaanzia mlangoni. Ni mlango wa mbao wa nyumba ya tofali za kuchoma, umefunguka kiasi cha kupitisha mkono tu, na mwanga wa chemli unatoka ndani ukianguka kwenye udongo uliolowa. Juu ya mwanga huo kuna kivuli cha mtu aliyesimama. Unapandisha macho kwenye upenyo wa mlango umtafute mwenye kivuli: hayupo. Mbele ya kizingiti kuna mabuti ya mpira ya mtoto, ncha zimeelekea ndani. Theluthi mbili za juu zote ni ukungu na mikaratusi. Jina la filamu limekaa ndani ya ukungu huo, na chini kabisa kuna maneno matatu: "Hodi imetoka ndani."

Filamu yenyewe ni ya vijana wa Mbeya na bado haijatoka, kwa hiyo jina lake halitatajwa hapa. Kinachopimwa ni kazi ya duka, lililoko Mwanjelwa, Mbeya: kubuni bango, kuchapa nakala 40 za karatasi, na kuchapa flexi mbili, yaani mabango ya plastiki, za mita 2 kwa 3 za kuning'iniza nje. Ubunifu ulianza vibaya ukaishia vizuri sana. Uchapaji ni mzuri, una dosari kadhaa zilizorekebishwa. Toleo la simu ni bovu, na duka linapaswa kulitazama upya.

Uzuri wa picha uko kwenye safari ya jicho. Mwanga ndio sehemu nyeupe kuliko zote, kwa hiyo jicho linatua hapo kwanza bila kuambiwa. Kivuli kinalipandisha hadi kwenye upenyo. Upenyo hauna mtu, basi jicho linarudi chini kuhakikisha kama lilikosea, na katika kurudi ndipo linapokutana na mabuti. Hapo mtu husogea karibu na ukuta. Hofu inaingia wakati jicho linatafuta, na mbunifu amelipatia mambo mawili tu ya kutafuta: mwenye kivuli na mwenye mabuti. Angeongeza la tatu, safari ingevunjika.

Angalia pia mwanga unatoka upande gani. Tumezoea taa kuwa usalama: mtu yuko gizani, anakimbilia penye mwanga. Hapa mwanga unatoka kule kule kwenye hatari, na mtazamaji ndiye amesimama gizani. Mbinu hii ni ya siku nyingi. Bango la The Exorcist, filamu ya Marekani ya mwaka 1973, lina mtu mwenye kofia na mkoba amesimama mbele ya nyumba, na mwanga unammwagikia kutoka kwenye dirisha la chumba chenye balaa. Bango la Alien la mwaka 1979 lina yai katika weusi mtupu, na mwanga wa kijani unavuja kwenye ufa wa yai lenyewe. Kwenye yote mawili huoni zimwi wala jini. Mbunifu wa Mwanjelwa ameichukua kanuni hiyo akaivisha chemli na tofali za kuchoma, na imemkaa vizuri.

Maneno ya chini ndiyo yanayofunga kazi. Kila aliyelelewa katika adabu zetu anajua hodi hupigwa na aliye nje, na aliye ndani huitikia karibu. Kuugeuza mwelekeo huo kwa maneno matatu, bila alama ya mshangao, bila kumuuliza mtu kama atathubutu kutazama, ni kazi ya mtu anayeijua lugha yake. Yamewekwa kwa herufi za kawaida zenye urefu wa milimita 9, mahali ambapo jicho linafika mwisho. Aliye mbali hayasomi, na hakuna hasara, kwa sababu yanamngoja yule ambaye mabuti yameshamvuta hadi hatua moja kutoka ukutani. Yangewekwa juu, yangemaliza hadithi kabla picha haijafungua mdomo.

Ukungu nao haukuwekwa kwa pambo. Anayeishi Uyole, Igawilo, Tukuyu au Mufindi anaujua ukungu unaoshuka hadi kwenye bati, na anajua mkaratusi unavyofanana na mtu alfajiri ya mwezi wa sita. Wabunifu wengi wa huku wakitaka mahali pa kutisha hukimbilia Ziwa Ngozi au Daraja la Mungu, kisha wanaongeza radi na mwezi mkubwa. Mahali hapo pana hadithi zake, lakini mtazamaji anapajua kama sehemu ya kwenda kutembea. Mlango wenye mabuti mbele yake anao nyumbani, na usiku atarudi kuupita.

Safu za miti ni tatu. Ya mbele ina weusi wa asilimia 80 hivi, ya kati 55, ya nyuma 30, na kingo za miti ya nyuma zimelainishwa. Hicho ndicho kinacholipatia bango kina. Miti yote ikiwa na weusi mmoja ingeonekana kama imekatwa kwenye karatasi na kubandikwa. Ni jambo dogo, na wengi hulikosea kwa kudhani kuwa giza zaidi ndiyo hofu zaidi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa mbaya, na inafaa kuelezwa kwa sababu ndiyo rasimu ambayo maduka mengi yatakupa usipokataa. Ilikuwa na vichwa vitano vya waigizaji vimepangwa kama picha ya harusi, moto chini, damu ikichuruzika kwenye jina, na katikati uso wa bibi kizee mwenye macho yaliyopakwa wekundu. Kila kitu kilikuwa kinapiga kelele kwa sauti moja. Jicho halikujua lianzie wapi, na jicho lisilo na pa kuanzia halitafuti kitu, linapita.

Lile la bibi ni zito kuliko kosa la ubunifu. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamekuwa sababu mojawapo inayotajwa, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa kuni na miaka mingi jikoni. Bango linalobandikwa stendi likimwonyesha bibi wa kawaida mwenye kitenge na macho mekundu kama sura ya uovu, linaongeza kuni kwenye moto huo. Ni vivyo hivyo kwa watu wenye ualbino: ngozi yao si kitisho, na hakuna filamu inayohitaji kuiuza hivyo. Duka lilipoambiwa liliiondoa ile sura siku hiyo hiyo bila ubishi, na hilo linahesabiwa upande wake. Ila halikupaswa kungoja kuambiwa.

Kuhusu kujaza bango kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Nchini Ghana, kuanzia miaka ya 1980, wachoraji walichora kwa mkono mabango ya sinema za kutembezwa, juu ya magunia ya unga yaliyofumuliwa, na walijaza kila kitu: majoka, vichwa vilivyokatwa, moto, wakati mwingine hata vitu ambavyo havimo kabisa kwenye filamu. Mabango yale yanakamata macho mpaka leo, na wapenda sanaa wa ng'ambo wanayakusanya. Lakini siri yake ni mkono mmoja. Joka na moto na mtu vimetoka kwenye brashi moja, chini ya mwanga mmoja wa kubuniwa. Vichwa vitano vilivyokatwa kutoka kwenye picha tano za simu haviwezi kufika hapo. Mmoja ana jua la saa sita kwenye paji la uso, mwingine amepigwa flashi, wa tatu ana ukijani wa taa ya dukani. Jicho linaugundua uongo kabla halijaogopa. Mwenye kibanda umiza anayetaka bango la kujaza ampe kazi mchoraji wa mkono, wale wanaoandika kuta za maduka. Atapata kitu cha kweli zaidi.

Jina la filamu, neno moja la herufi sita, lilikuwa jekundu hadi rasimu ya tatu. Sasa lina rangi ya mwanga wa chemli, njano iliyopauka ya M8 Y35, yaani asilimia 8 ya wino wa majenta na 35 ya njano. Mabadiliko hayo peke yake yameliokoa bango.

Wekundu juu ya weusi unaonekana mkali kwenye kompyuta kwa sababu kioo kinatoa mwanga wake chenyewe. Hata hapo, kwa hesabu ya utofauti wa mng'ao ambayo wabunifu wa tovuti huitumia, nyeupe juu ya nyeusi inapata 21 kwa 1, na nyekundu kamili inapata 5.25 kwa 1. Kwenye karatasi inafifia zaidi. Kisha jioni inaingia. Jicho la binadamu likianza kuzoea giza hupoteza wekundu kabla ya rangi nyingine. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki, alilieleza jambo hilo karne ya 19, na linaitwa kwa jina lake mpaka sasa. Yeyote mwenye maua mekundu uani anaweza kulithibitisha: magharibi ikishaingia ua linakuwa karibu jeusi na majani yake bado yanaonekana. Basi fikiria Kabwe, hapa Mbeya, saa moja kasoro jioni, watu wakigombea daladala. Jina jekundu linageuka shimo, na hiyo ndiyo saa ambayo bango la kutisha linapaswa kuwa kali kuliko saa zote.

Halafu kuna jua. Wekundu wa uchapaji ni majenta na njano zilizopandana, na kwa kawaida wino hizo mbili ndizo zinazokimbia mapema kwenye jua, bluu na nyeusi zikabaki. Ndiyo maana mabango ya zamani yanayoning'inia nje huelekea ububluu. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ubaridi wa hewa unadanganya ngozi, lakini kwa mwinuko huo mionzi inayokula rangi ni mikali kuliko pwani. Damu ya bango itakuwa maji ya matope kabla weusi haujaguswa. Jina la njano iliyopauka likipoteza njano yake linakuwa jeupe, na linaendelea kusomeka.

Herufi zenyewe hazikutolewa kwenye fonti. Zilichorwa kwa mkaa wa jikoni juu ya karatasi ya A4, zikapigwa picha, zikafuatishwa kwenye Illustrator, programu ya kuchora ya kompyuta. Ukisogea karibu unaona ukingo wa kila herufi umemeguka kama mkaa unavyomeguka, na vipande hivyo vimeachwa na upana usiopungua nusu milimita ili mashine iweze kuvishika. Fonti za damu inayochuruzika zinazopakuliwa bure zina aibu moja: A ya kwanza na A ya pili zina matone yale yale, mahali pale pale. Kiswahili kinairudia A mara nyingi mno kwa aibu hiyo kujificha. Kwenye bango hili zipo A mbili na kila moja imechorwa kivyake. Urefu wa herufi ni milimita 100. Kanuni ya kawaida ya mabango ni milimita 25 za urefu kwa kila mita 3 za umbali, kwa hiyo jina linasomeka vizuri kutoka mita 12, upana wa barabara na ziada.

Sasa weusi, ambao ndio kipimo cha duka lolote linalopokea kazi ya aina hii.

Wino mweusi peke yake, K100, hutoka kama mkaa uliopoa. Ukiwa peke yake hutagundua. Uweke jirani na weusi uliochanganywa ndipo utaona ni kijivu. Na ukiiacha faili kwenye RGB, yaani rangi za kioo cha kompyuta, kisha ukaigeuza bila kuangalia, mpangilio wa kawaida wa Photoshop wa Web Coated SWOP unakupa weusi wa C75 M68 Y67 K90 (C ni siani, ule wino wa bluu), jumla ya asilimia 300 ya wino. Karatasi nzuri inaweza kuubeba mzigo huo. Flexi inaloa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbeya inachelewesha wino kukauka, na bango likikunjwa mapema uso unagandana na mgongo. Ukilikunjua, weusi unabanduka kwa viraka. Duka lilitumia C60 M40 Y40 K100, jumla 240, likaacha flexi zikining'inia saa 24 kabla ya kuzikunja. Weusi umeshika. Utazame kutoka pembeni, utazame juani, hauna ukijani wala ukahawia.

Tatizo lilikuwa ndani ya weusi wenyewe. Nakala ya kwanza ya majaribio iliyameza mabuti yote mawili. Kwenye faili yalikuwa na weusi wa asilimia 92, juu ya ardhi yenye asilimia 98. Wino ukitua kwenye karatasi hutanuka kidogo, na kuanzia asilimia 90 kwenda juu tofauti ndogo huungana zikawa kitu kimoja. Mbunifu aliyaona mabuti kwa sababu kioo chake kilikuwa kimewashwa mwanga wote. Kazi ya giza ifanyike kioo kikiwa kimepunguzwa hadi karibu nusu, na kitu chochote kinachotakiwa kuonekana kisipite asilimia 85. Mabuti yalishushwa hadi 78, na ukingo wa juu wa kila buti ukapewa mstari wa mwanga wa chemli wenye upana wa milimita 1 na nusu. Mstari huo ndio unaoyafanya yaonekane yamelowa, kana kwamba mwenyewe ameyavua sasa hivi.

Kwa hiyo dai kipande cha majaribio kabla ya kulipia nakala nyingi. Kinatosha kipande cha A4 chenye viboksi saba: weusi wa 70, 75, 80, 85, 90, 95 na 100. Kichapwe kwenye nyenzo ile ile itakayotumika, kwa mashine ile ile. Kiboksi ambacho hukitofautishi na jirani yake ndio mpaka wako. Usiweke kitu cha maana ng'ambo ya hapo. Pembeni ya viboksi, chapa kipande cha picha yenyewe kwa ukubwa wake halisi. Mabuti, siyo bango zima lililopunguzwa.

Ukungu una ugonjwa wake. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, zinaonekana nyingi, lakini ukungu wa bango hili unatumia kama 30 tu kati ya hizo, zimetandazwa kwenye urefu wa milimita 500. Kila ngazi inapata karibu milimita 17. Upana huo jicho linauona, na ukungu unakuwa mistari mistari kama ngazi za uwanja wa mpira. Rasimu ya pili ilikuwa hivyo. Dawa ni kufanya kazi kwa biti 16 tangu mwanzo, na kabla ya kuhifadhi faili ya mwisho kunyunyiza chengachenga za asilimia 2 hadi 3 juu ya ukungu wote. Zinavunja mipaka ya ngazi, na zinaleta ile hali ya hewa yenye unyevu. Usizidishe, kwenye asilimia 8 ukungu unakuwa vumbi.

Flexi moja ilitoka na mstari mwembamba mlalo katikati ya miti. Umeme ulikatika mashine ikiwa njiani, na iliporudi haikuanzia pale pale. Duka lilichapa upya bila malipo. Swali la kuuliza kabla ya kazi ni kama mashine ya kuchapa, siyo kompyuta tu, imeunganishwa na chanzo cha akiba. Mistari mingi myembamba inayojirudia kila baada ya sentimita chache ni habari nyingine: hapo vitundu vya wino vimeziba na vinahitaji kusafishwa. Kwenye bango jeupe mistari hiyo husamehewa. Kwenye weusi haijifichi.

Picha za awali zililetwa duka kwa WhatsApp, na hilo halikuwa kosa la duka. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa hadi karibu pikseli 1,600 upande mrefu. Igawe kwa urefu wa A1, ambao ni inchi 33, unapata pikseli 48 kwa inchi: sura inakuwa kama imefumwa kwa uzi mnene. Kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli 6,000 upande mrefu, sawa na 180 kwa inchi, na kwa bango linalotazamwa kutoka mita moja na zaidi inatosha kabisa. Tuma picha kama faili, au peleka kadi yenyewe. Kwa flexi ya mita 3, pikseli 72 hadi 100 kwa inchi hazina shida, maana hakuna anayeitazama akiwa ameigusa.

Nakala za karatasi zimefunikwa kwa laminesheni isiyong'aa, uamuzi sahihi kabisa. Bango jeusi lenye kung'aa ni kioo cha kujitazama: mtu anaona mawingu na shati lake, haoni mlango. Gharama yake ni vumbi. Kiangazi, vumbi jekundu la barabarani linakaa juu ya weusi usiong'aa na linaonekana, kwa hiyo apangwe mtu wa kupitisha kitambaa chenye maji kidogo. Karatasi isiyo na laminesheni usiipeleke Tukuyu; mvua ya kule haina urafiki nayo.

Mahali pa kuning'iniza ni nusu ya umri wa bango. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Miezi hiyo chagua ukuta unaotazama kusini, rangi zitadumu zaidi. Desemba na Januari jua liko kusini, geuza. Flexi ifungwe kwa pete za chuma kila sentimita 50 pande zote nne. Duka liliweka kila mita moja, na upepo wa kwanza ukaanza kuichana pembeni.

Toleo la simu ndilo lililokosewa bila utetezi. Bango la A1 lina uwiano wa 1 kwa 1.41, na skrini ya stetasi ya WhatsApp ina 1 kwa 1.78, pikseli 1,080 kwa 1,920. Duka lilikata pande mbili ili picha ienee. Buti moja likaenda na mkato, lililobaki likawa kama kitu kilichosahaulika uani. Kivuli kikakosa bega. Kazi hii haitaki kukatwa, inataka kupangwa upya: ongeza ukungu juu, sogeza mabuti karibu na kizingiti, kuza maneno ya chini mara mbili. Kisha ipunguze picha hadi urefu wa sentimita 3 na uitazame kwa macho yaliyofumbwa nusu. Ukiona mwanga na kivuli, imepona. Walio wengi watalikuta bango hili kiganjani kabla hawajalikuta ukutani, kwa hiyo haifai kulifanya toleo la simu kuwa kazi ya dakika tano za mwisho.

Kubuni kulitozwa shilingi 80,000 kwa rasimu tatu, na flexi shilingi 12,000 kwa mita ya mraba. Kwa ubora wa weusi uliopatikana, bei ni ya haki. Kazi nzima ilichukua siku tisa, nne kati yake zikiwa za kurudi nyuma kutokana na ile rasimu ya vichwa vitano. Mteja akienda na maelezo ya ukurasa mmoja, yaani kitu kimoja cha kuonekana, kitu kimoja cha kufichwa, mwanga unatoka wapi, nini kisiwekwe kabisa, siku hizo nne zinapungua.

Nakala 20 za nyongeza kwa ajili ya Iringa zilichapwa kwenye mashine ya pili ya duka hilo hilo, kwa faili ile ile, bila kipande kipya cha majaribio. Weusi ukatoka na ukijani kidogo na mabuti yakapotea tena. Kipande kilipochapwa kikaonyesha mpaka wa mashine ile uko asilimia 80, siyo 85. Mabuti yakashushwa hadi 72, siani ikapunguzwa kutoka 60 hadi 50, nakala zikarudiwa zote. Zile za Iringa sasa ndizo zinazoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba mabuti yamelowa.